Kengele Ikilia, Nani Anaitika? Wakunga na Chati za Tahadhari Wodini

Katika wodi nyingi za wazazi Afrika Mashariki, karatasi inayopaswa kujazwa kila nusu saa hujazwa mara moja tu, tena baada ya mtoto kuzaliwa. Watafiti waliopekua mafaili ya hospitali wamelieleza jambo hili mara nyingi mno kiasi kwamba si habari tena. Wanachokikuta ni patografu (chati ya kufuatilia uchungu) safi, mistari imenyooka, mapigo ya moyo wa mtoto 140, 140, 138, 140, mwandiko mmoja na kalamu ileile kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri. Mkaguzi akiitazama anaona uvivu au udanganyifu. Mkunga aliyeijaza anaona usiku aliokuwa peke yake, wanawake watano wakiwa kwenye uchungu, mmoja akisukuma, mwingine akitapika, na faili likimsubiri mezani hadi mikono ilipopata nafasi.

Karatasi hiyo ni ndugu mkubwa wa ukoo mzima wa zana zinazoitwa chati za tahadhari. Zote zimejengwa juu ya hoja moja: mwili wa mama hutoa ishara kabla haujaporomoka, na ishara hizo zikipimwa, zikaandikwa na kutazamwa kwa mfuatano, msaada unaweza kufika mapema. Hoja yenyewe haina ubishi. Ubishi uko wodini, na wanaoujua vizuri ni wakunga, kwa sababu wao ndio wanaopima, wanaoandika, wanaopiga simu, na baadaye wanaojieleza mbele ya kamati kwa nini simu haikuzaa kitu. Ukiusikiliza uzoefu wao pamoja na matokeo ya majaribio ya miaka ya karibuni, picha inayojitokeza haiwapendezi sana wabunifu wa fomu. Nusu ya kwanza ya kazi, yaani kugundua, imeshughulikiwa kwa bidii kubwa. Nusu ya pili, yaani kuitikia, imeachiwa bahati.

Patografu haikuanza hivyo. Mwaka 1954 daktari Emanuel Friedman wa New York alichora mkunjo wa jinsi njia ya uzazi inavyofunguka wakati wa uchungu. Miaka kumi na minane baadaye, R. H. Philpott na W. M. Castle waliokuwa wakifanya kazi katika mji ambao leo ni Harare waliongeza mistari miwili ya mshazari iliyobadilisha kila kitu: mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua. Mama ambaye njia yake inafunguka polepole kuliko sentimita moja kwa saa anauvuka mstari wa kwanza. Mstari wa pili uko saa nne kulia kwake.

Saa hizo nne ndizo kiini cha ubunifu wao. Philpott alikuwa na wakunga waliozalisha katika vituo vya pembezoni, mbali na chumba cha upasuaji, na pengo kati ya mistari miwili lilikuwa muda wa kutafuta gari, kumsafirisha mama na kumfikisha kwa daktari. Kwa maneno mengine, chati ilichorwa ikiwa na barabara ndani yake. Mkunga alipoweka alama upande wa kulia wa mstari wa kwanza, mfumo ulikuwa umeshakubali kwamba neno lake linatosha kumwondoa mama pale.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipoipima patografu kwa wanawake zaidi ya 35,000 Kusini-Mashariki mwa Asia na kutoa matokeo mwaka 1994, uchungu uliopitiliza muda ulikuwa umepungua kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4. Baada ya hapo karatasi ikasambazwa karibu kila mahali. Kilichosambazwa kilikuwa karatasi, si barabara. Zahanati ikapewa fomu bila gari la wagonjwa, hospitali ya wilaya ikapewa fomu bila daktari wa pili wa zamu. Na mistari yenyewe ikaja kutiliwa shaka: utafiti wa WHO uliofuatilia wanawake 9,995 katika hospitali 13 za Nigeria na Uganda, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wengi walivuka mstari wa tahadhari na bado wakajifungua salama, wao na watoto wao. Mwishoni mwa mwaka 2020 shirika hilo likatoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu. Humo hatua ya uchungu mkali inaanza kuhesabiwa njia ikiwa imefunguka sentimita tano badala ya nne, mistari ya mshazari imeondolewa, na kila kipimo kina safu yake ya kiwango cha hatari. Mkunga analazimika pia kuandika kama mama ana mtu wa kukaa naye, kama amekunywa maji, na ni mpango gani waliokubaliana.

Tawi la pili la ukoo huu lilizaliwa mbali na wodi za wazazi. Mwaka 1997 madaktari wa hospitali moja ya Norfolk, Uingereza, walibuni alama za kuwatambua wagonjwa wa kawaida wanaoelekea kuzidiwa, kwa kutumia vipimo ambavyo muuguzi yeyote huchukua: presha, mapigo, pumzi, joto na ufahamu. Miaka kumi baadaye, uchunguzi wa kitaifa wa vifo vya akina mama nchini humo ukapendekeza chati ya aina hiyo kwa wajawazito na waliotoka kujifungua. Ni karatasi ya rangi. Mapigo yakizidi 100 unaingia eneo la njano, yakizidi 120 ni jekundu. Presha ya juu ikishuka chini ya 90 ni nyekundu, na ikizidi 160 ni nyekundu pia. Nyekundu moja au njano mbili, daktari aitwe.

Mjamzito alihitaji chati yake mwenyewe kwa sababu mwili wake unaweza kumdanganya anayempima. Damu mwilini inaongezeka kwa karibu nusu ya kiwango cha kawaida, moyo unakwenda kasi zaidi, na mwanamke kijana mwenye afya anaweza kupoteza lita nzima ya damu presha yake ikiwa bado inaridhisha machoni. Anazungumza, anauliza kuhusu mtoto, anaomba uji. Kisha anaporomoka kwa ghafla. Wakunga wazoefu wanalijua hili kwa macho. Wanatazama viganja vilivyopauka, mdomo uliokauka, mama aliyekuwa mtulivu akianza kuhangaika na kuvuta shuka. Wengi wao wanaikuta chati ikiwaambia walichokwisha kukiona, na wapo wanaohisi inawafanya waonekane kama hawaoni. Malalamiko hayo yana uzito, ila jicho la mkunga haliwezi kukabidhiwa kwa zamu inayofuata. Namba zinaweza.

Ireland ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Oktoba 2012 Savita Halappanavar, daktari wa meno mwenye umri wa miaka 31, alilazwa katika hospitali ya chuo kikuu mjini Galway mimba yake ya wiki 17 ikiwa inaharibika. Alikufa siku saba baadaye kwa maambukizi yaliyosambaa kwenye damu. Dunia ilikizungumzia kifo chake zaidi kwa sababu ya sheria za utoaji mimba, na kwa haki kabisa, lakini mamlaka ya ubora wa huduma ya nchi hiyo ilihesabu nafasi 13 ambapo hali yake ingeweza kutambuliwa au kushughulikiwa na haikufanyika hivyo. Nyingi kati ya hizo zilihusu mambo madogo ya wodini: vipimo ambavyo havikuchukuliwa kwa wakati, matokeo yasiyofuatiliwa, taarifa isiyovuka kutoka zamu hadi zamu. Mwaka 2013 Ireland ikaanza kutumia chati moja ya tahadhari kwa wodi zote za wazazi nchini.

Hata katika nchi tajiri, chati haikupokelewa kwa vigelegele. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya Luton and Dunstable na kuchapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia wanawake 676. Kengele ilimlilia karibu mmoja kati ya watatu. Ilikamata asilimia 89 ya waliokuwa wakielekea kwenye matatizo, sifa nzuri bila shaka, lakini kati ya wote iliowalilia ni asilimia 39 tu waliokuwa na tatizo kweli. Watafiti waliokaa wodini katika hospitali mbili za Uingereza wakiwatazama wakunga wakifanya kazi waliona matokeo yake: chati ilitumiwa kwa kuchagua. Kwa mama aliyepasuliwa au mwenye presha, ilijazwa kwa makini. Kwa mwanamke mzima aliyejifungua salama na anayesubiri kwenda nyumbani, wakunga wengi waliona ni kumfanya mgonjwa mtu asiyeumwa.

Huko Luton, kengele sita za bure kati ya kumi ni usumbufu. Katika hospitali ya wilaya yenye daktari mmoja wa usiku anayehudumia wodi zote na chumba cha upasuaji, kengele hizo zinaua imani. Daktari aliyeamshwa mara tatu kwa mapigo 104 hataruka kitandani mara ya nne, na mkunga naye anajua hivyo, kwa hiyo anaanza kuchuja mwenyewe kabla ya kupiga simu. Chati iliyowekwa ili kuondoa hisia binafsi katika uamuzi inazirudisha kwa mlango wa nyuma.

Kuna hesabu ambayo haimo katika fomu yoyote. Patografu ya kawaida inataka mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila nusu saa kwa dakika nzima, mapigo ya mama yahesabiwe kila nusu saa, na mkono ukae tumboni dakika kumi kuhesabu uchungu. Hata mkunga hodari anayeunganisha kazi hatashuka sana chini ya dakika kumi na mbili kwa mama mmoja. Wanawake wawili wanakula dakika 24 kati ya 30. Wa tatu akifika, nusu saa imeshakwisha na deni limeanza, kabla hajamzalisha mtu yeyote, hajashona, hajasafisha, hajaandika. Kwa mzigo huo, kujaza karatasi alfajiri ni njia pekee ambayo mfumo umemwachia mkunga ya kutimiza sharti lisilotimizika. Anayetaka patografu za kweli aanze kuhesabu wakunga.

Kipimo kinachoathirika zaidi ni pumzi. Hakihitaji mashine, kinahitaji saa yenye mshale wa sekunde na dakika moja ya kutazama kifua, na ni miongoni mwa ishara za mapema kabisa za maambukizi makali. Ndicho kinachobuniwa zaidi. Fungua mafaili ya wodi yoyote yenye shughuli nyingi, hapa au Ulaya, utakuta wodi nzima inapumua mara 20 kwa dakika.

Zana hizi zina faida moja ambayo wakunga, hasa vijana, wanaitaja bila kusukumwa: zinawapa maneno. Fikiria simu mbili za usiku. Katika ya kwanza mkunga mwenye mwaka mmoja kazini anasema, "Samahani daktari, mama wa kitanda cha tatu hali yake siielewi." Upande wa pili kimya, halafu: "Humwelewi vipi? Mpe dripu, nitapita asubuhi." Katika ya pili anasema, "Daktari, kitanda cha tatu, amejifungua saa mbili zilizopita, mapigo 124, presha 88 kwa 50, chati ina nyekundu mbili, nimeshaanza dripu na oksitosini, naomba uje sasa." Wasiwasi ni uleule na mama ni yuleyule, lakini daktari wa simu ya pili ana jambo la kujibu, na kukataa kwake kutabaki kwenye karatasi. Katika hospitali ambazo ngazi ya vyeo ni ndefu na muuguzi amezoea kuzungumza na daktari kwa kunyenyekea, namba zinamwezesha kusisitiza bila kuonekana mkorofi.

Lakini kumbukumbu hiyohiyo inayombana daktari inaweza kumgeukia mkunga. Chati iliyojazwa kwa uaminifu inaonyesha kwamba saa saba usiku presha ilikuwa 90 na hakuna kilichofanyika hadi saa kumi. Haionyeshi kwamba simu ilipigwa mara nne, wala kwamba funguo za benki ya damu zilikuwa kwa mtu aliyekuwa nyumbani. Wakunga wamewaona wenzao wakisimamishwa kazi hadharani mbele ya kamera wakati wa ziara za viongozi, na wamejifunza somo lisiloandikwa: karatasi tupu ni kosa dogo, karatasi ya kweli inaweza kuwa kosa kubwa. Mikutano ya kupitia vifo vya akina mama na watoto wachanga, ambayo kwa mujibu wa miongozo haipaswi kumtafuta mkosaji, inafanya kazi pale tu kanuni hiyo inapoheshimiwa. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa siri wa vifo vya akina mama nchini Kenya, iliyopitia vifo 484 vya mwaka 2014, ilikuta kwamba wanawake tisa kati ya kumi waliokufa walipata huduma iliyopungua kiwango. Kufika kwenye ukweli wa namna hiyo kunahitaji majina yafunikwe kwanza.

Wahandisi nao walikuwa na jibu lao: kama mkunga hana muda, apewe mashine. Kundi la King's College London lilitengeneza kipima presha cha bei nafuu chenye taa za kijani, njano na nyekundu. Kinagawanya mapigo kwa presha ya juu na kuwasha taa yenyewe, ili hata mhudumu asiye na mafunzo marefu ajue nani yuko hatarini. Wakunga walikipenda. Kilipojaribiwa katika maeneo kumi ya Afrika, India na Haiti, kikihusisha uzazi zaidi ya 536,000, vifo na madhara makubwa vilipungua katika kipindi cha jaribio, ila watafiti walipoondoa mwelekeo wa kushuka uliokuwepo tayari, hawakuweza kusema kwamba kifaa ndicho kilichosababisha. Nairobi ilijaribiwa kalamu ya kidijitali iliyomkumbusha mkunga muda wa kupima. Tanzania, mradi ulioanzia hospitali ya Haydom mkoani Manyara uliwapa wakunga kifaa cha kusikiliza moyo wa mtoto mfululizo, ambacho mama anaweza kufungwa tumboni kwa mkanda na kinalia mapigo yakiharibika. Kiligundua mapigo yasiyo ya kawaida mara nyingi kuliko fetoskopu ya kusikilizia kwa sikio, na wanawake walifarijika kuusikia moyo wa mtoto. Kwa vifo vya watoto, majaribio hayo ya mwanzo hayakuonyesha tofauti ya wazi.

Ni rahisi kusoma matokeo hayo kama kushindwa kwa teknolojia. Usomaji ulio sahihi zaidi ni kwamba vifaa vilifanya vilichotumwa. Taa nyekundu iliwaka. Kilichofuata baada ya taa kilitegemea kama kuna dawa kabatini, damu kwenye friji, na mtu mwenye mamlaka ya kukata shauri.

Mfano unaothibitisha hilo kwa nguvu kuliko wote unahusu damu, na mizizi yake ya hapa nyumbani ni ya zamani kidogo. Mkoani Kigoma, Tanzania, Godfrey Mbaruku, daktari bingwa wa uzazi aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye tatizo hili, alishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulioonyesha kwamba kanga mbili zikilowa chapachapa, mama amepoteza zaidi kidogo ya nusu lita ya damu. Wakunga wa jadi hawakuhitaji kusoma namba. Kanga zinauzwa kwa vipimo vinavyofanana, kila mwanamke anazo, na zikilowa mbili ni wakati wa kumpa dawa na kutafuta usafiri. Mbaruku huyohuyo alikuwa ameshaonyesha, pamoja na Staffan Bergström, kwamba hospitali ya mkoa wa Kigoma ilishusha vifo vya akina mama kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000 kati ya 1984 na 1991, kwa kutumia zaidi raslimali zilizokuwepo palepale. Kazi ile ilihusu mambo ya kila siku: nani yuko zamu, dawa ziko wapi, vifaa vinavyoharibika vinatengenezwa na nani.

Hospitalini, kwa miaka mingi baada ya hapo, damu iliendelea kukadiriwa kwa macho. Kisha likaja jaribio la E-MOTIVE, katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Mama alilazwa juu ya shuka la plastiki lenye kifuko chenye mistari ya vipimo. Damu ikifika mililita 500, au 300 pamoja na dalili nyingine mbaya, mkunga hakutakiwa kumwita mtu kwanza. Alitakiwa kuanza matibabu yote kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, dawa za oksitosini na asidi ya traneksamiki, dripu, uchunguzi wa chanzo, na kuita msaada wakati kazi inaendelea. Dawa zilikuwa zimeandaliwa mahali pamoja. Katika uzazi zaidi ya 210,000, matokeo yaliyochapishwa Mei 2023 yalishangaza hata waliozoea kukatishwa tamaa. Utokaji mkubwa wa damu, upasuaji wa kuizuia na vifo vinavyotokana nayo, vikihesabiwa pamoja, vilikuwa asilimia 1.6 ukilinganisha na 4.3 katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani. Utambuzi wa tatizo ulikuwa asilimia 93 dhidi ya 51. Namba ya kutazama zaidi, hata hivyo, ni ile ya waliopata matibabu yote: asilimia 91 dhidi ya 19. Katika utaratibu wa kawaida, hata nusu iliyotambuliwa haikutibiwa ipasavyo.

Tofauti kati ya shuka hilo na taa nyekundu haimo katika ubora wa kipimo. Shuka lilikuja na ruhusa. Mkunga alipewa kiwango, dawa na idhini ya kuanza, vyote kwa pamoja, na hapo ndipo tahadhari ikawa matibabu.

Zanzibar ilifika karibu na hitimisho hilo kwa njia nyingine. Katika hospitali ya Mnazi Mmoja, mradi wa PartoMa haukuanza na kifaa. Ulianza na swali la kwa nini miongozo ya kimataifa haifuatwi, ukawakuta wahudumu wachache wakitakiwa kutekeleza mambo yaliyoandikwa kwa ajili ya wodi zenye mkunga mmoja kwa kila mama. Wahudumu wenyewe wakashirikishwa kuandika kijitabu cha mfukoni kinachosema nini kifanyike kwa hali ilivyo, na semina fupi zikarudiwa kila baada ya miezi michache. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila vizazi 1,000. Bado ni wengi mno, na hakuna mkunga wa Mnazi Mmoja atakayekuambia vinginevyo. Lakini kijitabu kilichokubali kupunguza matakwa kilileta uangalizi zaidi kuliko mwongozo uliodai kila kitu.

Malawi nayo ilipoleta mpango wa kutibu maambukizi makali kwa akina mama katika vituo 15 vya afya, ukiwa na chati ya tahadhari na hatua tano za kufuata, wanawake waliopimwa vipimo vyote vya msingi walitoka sifuri kati ya 163 hadi 169 kati ya 252. Wauguzi walewale waliodhaniwa hawapimi, walipima walipoona kipimo kinaelekea mahali. Na mradi wa Haydom, ulipokua na kuwa mpango wa vituo 30 vya afya katika mikoa mitano ya Tanzania, ukaunganisha kile kifaa cha kusikiliza moyo na mazoezi mafupi ya mara kwa mara wodini pamoja na matumizi ya takwimu za kila kituo. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2025, yalionyesha vifo vya watoto kupungua na vya akina mama kushuka kwa takriban robo tatu. Vifo vya akina mama havikuwa lengo kuu la utafiti huo, na wakati huohuo nchi nzima ilikuwa ikishusha idadi hiyo, kwa hiyo busara inataka matokeo hayo yasimezwe yote kwa mkupuo. Mwelekeo wenyewe unalingana na wa majaribio mengine.

Sehemu ambayo chati bado hazijaifikia vizuri ni wodi ya baada ya kujifungua. Chumba cha kujifungulia kina macho. Saa mbili baadaye mama amehamishiwa wodi yenye vitanda vilivyojaa, pengine wawili kitanda kimoja, muuguzi mmoja kwa makumi ya wanawake, na hapo ndipo damu huendelea kutoka kimyakimya au presha hupanda hadi kifafa cha mimba. Anayegundua mara nyingi ni ndugu. Mama mkwe aliyekuja na chupa ya chai ndiye anayesikia "kichwa kinaniuma, naona maluweluwe", ndiye anayekwenda kugonga mlango wa manesi, na mara nyingi ndiye anayeambiwa arudi akakae. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 umempa mtu anayekaa na mama safu yake wakati wa uchungu, na itakuwa vyema aongezewe sauti kwenye saa za baadaye, kwa kufundishwa dalili mbili tatu na kuambiwa waziwazi kwamba kumwita muuguzi si usumbufu.

Barabara ya Philpott imeanza kurudi pia. Mfumo wa m-mama wa Tanzania, ulioanza kwenye maeneo ya Sengerema na Shinyanga kisha ukazinduliwa kitaifa mwaka 2022, unamwezesha mkunga wa zahanati kupiga 115 na kutafutiwa usafiri, gari la wagonjwa likikosekana hata gari la dereva wa kijijini aliyesajiliwa. Katika kipindi hichohicho utafiti wa kitaifa wa afya ulirekodi vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vya utafiti wa 2015–16. Kupungua huko kuna wazazi wengi na haiwezekani kumtaja mmoja. Kwa mkunga wa zahanati, kilichobadilika kinaonekana kwa urahisi zaidi: mama akivuka kiwango cha hatari, kuna namba ya kupiga na mtu anayepokea.

Oktoba 2025 WHO, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa uzazi na ya wakunga, walitoa mwongozo unaotaka hatua zianze damu inapofika mililita 300 ikiwa mapigo yamepanda au presha imeshuka, bila kungoja 500. Kwa wanawake ni hatua nzuri. Kwa wakunga maana yake ni kwamba mapigo sasa lazima yahesabiwe kweli, kila baada ya dakika chache, katika saa ya kwanza baada ya kila uzazi, na kwamba shuka zenye vipimo, ambazo hutumika mara moja na kutupwa, ziwepo kila usiku hata baada ya miradi kufunga ofisi. Wizara za afya zitakapoketi kuandika utekelezaji wake, fomu mpya itachapishwa haraka. Safu ya bajeti yenye idadi ya wakunga kwa zamu ya usiku ndiyo itakayochukua mikutano mingi.